Baba Asiyempakata Mwanawe

Wanawake wanaouza nyanya kwenye daraja la Rusizi ya Pili, mpakani mwa Rwanda na Kongo, walikuwa na utani mmoja tu kwa Muhigirwa, na hawakuchoka kuurudia. "Papa Mayai," walimwita, "bibi yako ana bahati! Mikono kama hii haiwezi piga muntu." Walikuwa na sababu ya kusema hivyo. Kwa miaka kumi na mmoja mwanamume huyu wa Nkanka, upande wa Rwanda, alikuwa akivusha mayai kwenda Bukavu, trei juu ya trei, na siku pekee trei nzima ilipovunjika mwenye kosa alikuwa mbuzi. Alilishika yai kwa vidole vitatu, akaliinua juani, akalikagua, akalirudisha mahali pake bila sauti. Wateja wa ng'ambo walimngoja yeye, wakawapita wengine. Naye kila aliposikia utani ule alicheka pamoja nao, kisha akaitia mikono mifukoni.

Mikono ya Muhigirwa, isipokuwa kazini, ilikaa mfukoni. Alipokasirika, mfukoni. Alipobishana na mtu, mfukoni. Tena hakuvaa mkanda. Suruali aliifunga kwa kamba. Krismasi ya kwanza ya ndoa yao, mkewe Uwamwezi alimnunulia mkanda mzuri wa ngozi. Muhigirwa alishukuru sana, akauchomeka juu kwenye mbao za paa, na haukuonekana tena. Uwamwezi alicheka hadi machozi. Alidhani ameolewa na mshamba, na kwa kuwa alimpenda, hata ushamba wake ulimfurahisha.

Kicheko kilikwisha siku ya nane baada ya mtoto wao kuzaliwa.

Siku ya nane mtoto hutolewa nje apewe jina. Watoto wa jirani hukaa mkekani, wakalishwa maharage hadi matumbo yakajaa, na kila mmoja akapendekeza jina lake, la maana na la upuuzi. Siku ile mmoja alitaka mtoto aitwe Sambaza, kama wale dagaa wa ziwani. Kisha baba humpakata mwanawe mbele ya watu na kutaja jina litakalobaki. Ni jambo la dakika mbili. Hata wale wanaume wanaoshika mtoto kama wameshika chungu cha moto hulitimiza. Uwamwezi alimnyooshea mumewe mtoto, na Muhigirwa akarudi nyuma hatua moja, mikono mgongoni.

"Anaitwa Teta," alisema. Ni jina la mtoto wa kudekezwa, na alilisema kwa sauti iliyojaa mapenzi, lakini alilisema kutoka mbali. Kisha akaongeza, "Mikono yangu inanuka kuku." Mama yake Muhigirwa, Épiphanie, ndiye aliyempokea mtoto.

Watu waliangaliana. Baba asiyempakata mwanawe siku ya jina amesema neno zito kuliko tusi: huyu si wangu. Na Uwamwezi, kabla ya mimba, alikuwa akivuka daraja mara mbili kwa wiki kununua vitenge Bukavu. Wenye midomo hawakuhitaji zaidi. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Mtoto ni wa ng'ambo. Hawakujisumbua hata kumtazama yule mtoto, aliyekuwa na paji la uso la Muhigirwa, masikio ya Muhigirwa, na hata ule ukaidi wake wa kulala jicho moja nusu wazi.

Uwamwezi alingoja mumewe awajibu. Wiki ikapita, mwezi ukapita, naye akafyata ulimi.

Na ukweli ni kwamba alimpenda mtoto yule kupita kiasi. Alimfulia nepi. Alimtengea mayai makubwa mama mtoto ili maziwa yasipungue. Teta akilala, alichuchumaa kando ya kitanda akimtazama, mikono imebanwa katikati ya magoti. Hakumgusa. Aliiogopa mikono yake jinsi mtu anavyomwogopa mbwa wake mwenyewe baada ya kumwona aking'ata.

Hapa lazima nimseme mama yake, ingawa ulimi unakuwa mzito. Épiphanie alikuwa mjane, mwimbaji wa kwaya, mwanamke ambaye hakuna mtoto wa Nkanka aliyepita mlangoni pake bila kupewa kipande cha muwa. Watu walimpenda, na walikuwa na haki. Lakini kabla ya Nkanka kulikuwa na Kamanyola, upande wa Kongo, ambako Muhigirwa alizaliwa na kukulia. Baba yake, Hakizimana, alikuwa fundi baiskeli, mtu mpole, na alikufa kwa homa mwanawe akiwa na miaka minane. Épiphanie akabaki na wavulana wawili, bila ndugu, katika nchi iliyokuwa ikiwaka moto wa vita. Alipata kibarua kwenye mashine ya kusaga mihogo. Kutoka huko alirudi siku moja na unga kidogo na mkanda wa mashine uliokatika, na ule mkanda ukatundikwa ukutani miaka tisa.

"Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu," alikuwa akisema kabla ya kuanza. Ni methali nzuri, lakini imepasua migongo ya watoto wengi, na mimi siku hizi nikiisikia nauliza kwanza aliyeisema ameshika nini mkononi. Alimpiga kwa maji yaliyomwagika, alimpiga kwa kuchelewa, alimpiga kwa kucheka kama baba yake. Alipiga mpaka akachoka, kisha akalia, kisha akamkanda majeraha kwa maji ya chumvi huku akimsihi asimwambie mtu. Hilo la mwisho ndilo lililomshinda Muhigirwa kulielewa hata alipokuwa mtu mzima, kwamba mikono ileile ilifanya kazi zote mbili.

Alipofika miaka kumi na mitano, mdogo wake Niyonsenga alipoteza kandambili mtoni. Mama yao hakuwapo. Muhigirwa akauchukua mkanda ukutani. Mkono uliijua kazi bila kuelekezwa; hadi leo anaukumbuka wepesi ule. Aliacha pale tu mtoto aliponyamaza kabisa. Niyonsenga alipona, sasa ni dereva Kigali, na hapigi simu. Siku ile Muhigirwa alijiapiza kwamba mikono yake haitamgusa mtoto tena, na yeye ni mtu wa kutimiza kiapo.

Miaka miwili baadaye familia ilirudi Rwanda. Mkanda ulibaki Kamanyola, na Épiphanie hakuinua tena mkono juu ya mtu. Akawa mtu mwingine, au labda akawa yule aliyekuwa kabla mume hajafa. Sijui, na sidhani kama yeye mwenyewe anajua. Makovu ya mgongoni kwa Muhigirwa yakatafutiwa hadithi, kwamba alipokuwa mdogo aligongwa na lori barabarani. Mama na mwana waliisimulia kwa maneno yaleyale, na hivyo ndivyo alivyosimuliwa Uwamwezi wiki ya arusi.

Basi ikafika alasiri moja ya mvua. Uwamwezi alikuwa ameanika maharage uani. Ngurumo ilipopiga alikimbia nje kuyaokoa, akiita, "Papa Teta, angalia mutoto!" Teta alikuwa na miezi minne, na wiki ileile alikuwa amejifunza kujiviringisha. Muhigirwa, amesimama mlangoni mwa chumba, alimwona kitandani akijiviringisha mara moja, kisha mara ya pili, akafika ukingoni. Alipiga hatua. Mikono ilitoka mifukoni, ikanyooka, ikaganda hewani. Akaliita jina la mkewe kwa nguvu zake zote. Uwamwezi alipoingia, amelowa chapachapa, mtoto alikuwa sakafuni akilia, na baba yake amesimama juu yake, mikono mgongoni.

Teta hakuumia, aliangukia mkeka. Lakini Uwamwezi alikuwa ameona alichoona.

"Hata kuku anafunikaka batoto bake," alisema taratibu, akimwokota. Asubuhi yake alimfunga mtoto mgongoni, akapanda pikipiki, akaenda kwa wazazi wake Gashonga.

Mke akirudi kwao namna hiyo, mume hana njia ya mkato. Hatumi ujumbe kwa simu. Huchukua mzee wa kumsemea na bidoni, yaani dumu, ya urwagwa, ile pombe ya ndizi, akaenda kuketi mbele ya wakwe. Mke hutaja kosa wote wakisikia, na mume hujibu. Akijibu vizuri, pombe inafunguliwa na anaondoka na mkewe. Akijibu vibaya, anarudi na pombe yake.

Épiphanie alikuwa na jibu tayari. "Sema ulikuwa na wivu," alimwambia mwanawe jikoni, akichambua mboga. "Sema batu ba kwenye daraja balikuambia maneno mubaya, na sasa umetubu. Banaume banasemaka hivyo kila siku. Batakukaripia, batakunywa, mutarudi."

"Maman, hiyo ni kumuita bibi yangu malaya mbele ya baba yake."

"Na ukisema ile ingine, miye utaniita nani?"

Muhigirwa alimtazama. Vidole vya mama yake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, na shingo ilikuwa imekonda, imebaki mishipa. Alimwonea huruma. Hili ndilo gumu kwa mtu wa nje kulielewa: alimpenda mama yake, na hakuna siku aliyoacha kumpenda. "Nitasema wivu," akamwahidi. Épiphanie, ambaye kwa desturi hakuwa na kazi kwenye safari ile, akatangaza kwamba naye atakwenda. Alitaka kusikia kwa masikio yake.

Walifika Gashonga Jumamosi kwa pikipiki tatu. Msemaji wao, Mzee Harelimana, mwalimu mstaafu, alikuwa ameikumbatia bidoni njia nzima kama mjukuu. Nsengiyumva, baba yake Uwamwezi, mkulima wa mihogo, aliwakaribisha uani bila tabasamu. Wanaume wakapewa benchi, wanawake wakakaa mkekani, na Épiphanie akaketi pamoja nao. Harelimana alianza na ng'ombe wa mababu, ng'ombe ambao hakuna mtu pale aliyekuwa nao, akapitia mvua na mavuno, akafika kwenye njiwa mmoja aliyepotea njia.

"Mwalimu," Nsengiyumva akamkatiza, "njiwa iko hapa. Tumusikilize."

Uwamwezi alitoka ndani na Teta begani. Alikuwa amekonda. Hakumtazama mumewe.

"Miye sitaki pombe," alisema. "Batu ba Nkanka banasema huyu mutoto ni wa Bukavu. Miezi mine nimengoja bwana yangu abaambie hapana. Hajamushika hata siku moja. Aseme hapa, mutoto ni wa nani? Na kama ni wake, aseme juu ya nini anamukimbia. Akishindwa, nabaki kwetu."

"Ni wangu," alisema Muhigirwa. Hilo halikuhitaji kufikiri.

"Na juu ya nini unamukimbia?"

Alifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari. Alikuwa ameyakariri tangu Nkanka. "Kwenye daraja batu baliniambia..." alianza, na hapo Uwamwezi akamtazama kwa mara ya kwanza. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayengoja kofi aliloliona likija. Muhigirwa aliujua uso ule. Alikuwa nao yeye mwenyewe kwa miaka tisa.

Akayaacha hapo yale maneno aliyoyakariri. Akasema, "Hapana. Hakuna muntu aliniambia kitu. Naogopa mikono yangu."

"Mikono imefanya nini?" aliuliza Nsengiyumva.

"Haijamufanya Teta kitu, Papa. Lakini inajua kupiga. Zamani nilipiga mutoto, ndugu yangu mwenyewe, kidogo nimuue. Na miye njo hivyo nilikulia. Hakuna lori iliyonigonga. Nilipigwaka kwetu nyumbani, tangu miaka munane mpaka kumi na saba."

"Ule mukanda wa Krismasi," alisema Uwamwezi polepole, na macho yake yakajaa. Pale uani ni yeye na mumewe tu walioelewa neno lile.

Nsengiyumva alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, na alitafuta pa kuuweka mzigo ule usimwangukie mtu aliye hai. "Marehemu baba yako," alisema kwa upole. "Bazee ba zamani tunabajua. Mungu amusamehe."

"Amina," wakaitikia wanawake mkekani, na Harelimana naye akaitikia.

Hiyo ilikuwa njia pana na nyepesi. Marehemu halalamiki. Muhigirwa alimwona mama yake akiinamisha kichwa. Hakusema amina, wala hakusema hapana. Ingetosha yeye naye anyamaze, na wote wangekuwa Nkanka kabla ya jua kuzama. Lakini kumbukumbu alizokuwa nazo za baba yake zilikuwa chache mno: kubebwa mabegani, harufu ya grisi, mluzi wa mtu anayeziba pancha huku akimchekesha mwanawe. Hakuachiwa urithi mwingine. Kuutia uchafu ule mbele ya watu kulimshinda, na machozi yakaanza kumtoka.

"Papa yangu hakunipigaka hata siku moja," alisema.

Hakuongeza neno, wala hakumtazama mtu. Mmoja mmoja wanawake wakaanza kuelewa, na mmoja mmoja wakaacha kumtazama Épiphanie. Yeye alikuwa akikwanyuakwanyua ukindu wa mkeka. Angeweza kusema ni mjomba, ni jirani, ni askari. Kongo ni kubwa na nani angekwenda kuuliza? Muhigirwa alimngoja. Ndipo alipojua kwamba amekuwa akimngoja miaka ishirini na mitano.

"Ni miye," alisema Épiphanie.

Wa nyuma hawakusikia. Akarudia kwa sauti yake ya kwaya. "Ni miye nilimupigaka. Bwana yangu alikuwa muntu muzuri, musimuseme. Na mutoto hakuwa na kosa. Alikuwa anafanana tu na baba yake, na miye nilikuwa na hasira na ule aliyekufa akaniacha." Hakuomba msamaha, labda kwa kuona kwamba mbele ya watu wengi vile mwanawe asingekuwa huru kumnyima. Alilia tu, bila kufunika uso.

Muhigirwa alikuwa amewahi kudhani kwamba siku akiyasikia maneno yale atafurahi, au atamchukia mama yake mara moja na yaishe. Halikuja hata moja. Alijiona kama mtu aliyetuliwa mzigo na bado anatembea ameinama. Uwamwezi alivuka ua, akasimama mbele yake.

"Leta mikono," alisema.

"Inatetemeka."

"Itetemeke. Miye niko hapa."

Akamweka Teta mikononi mwake. Mikono ilitetemeka kweli, na Uwamwezi hakuondoa ya kwake mpaka ilipotulia kidogo. Teta alimtazama yule mwanamume aliyemzoea kutoka mbali, akamshika pua, akaivuta, kisha akaanza kumnyonya kidevu kwa bidii ya mtu mwenye njaa. Muhigirwa akaangua kilio mbele ya wakwe, jambo lisilofanywa, na hakuna aliyemkataza. Nsengiyumva alijipangusa uso kwa kiganja, akaamuru bidoni ifunguliwe.

Pombe ikawa inagawiwa. Épiphanie alinyanyuka mkekani kwa shida, akawasogelea. Kule nyumbani yeye ndiye aliyekuwa akimpokea Teta siku zote, na mikono yake ilikwishanyooka kwa mazoea kabla hajaishusha.

"Na miye?" alimuuliza mkwewe. "Nitamushika tena?"

Wenye vikombe wakavishusha. Uwamwezi alimtazama yule mama mzee kwa muda, na uso wake haukuwa mkali.

"Uliza baba yake, Maman," alisema.

Épiphanie akamgeukia mwanawe. Muhigirwa alimtazama Teta, ambaye usingizi ulikuwa umeanza kumchukua, akamtazama mama yake. Katika maisha yake yote mama huyu hakuwahi kumwomba kitu ambacho mwanawe alikuwa na uwezo wa kukikataa.

"Leo hapana, Maman," alisema.

Épiphanie aliitikia kwa kichwa. Alirudi mkekani, akaketi, kisha akajisogeza pembeni kidogo akaacha nafasi. Muhigirwa akaenda akaketi pale na mwanawe.